Nani aliwaruhusu wenye duka kufunga BIOS (programu ya mipangilio ya msingi) ya kompyuta niliyoinunua kwa pesa yangu?

Ndugu zangu, nimejizuia siku tatu ili nisije nikaandika matusi, na hasira bado haijapoa.

Nina sekretariati ndogo hapa Kadutu, Bukavu, ambapo tunachapa kazi za mwisho za wanafunzi, barua za maombi na mialiko ya harusi. Miezi miwili iliyopita nilinunua kompyuta ya mezani ya okazioni, yaani iliyokwisha tumika, kwa dola 180, katika duka moja la mjini ambalo sitalitaja. Niliitaka kwa kazi moja mahususi: ibaki ofisini usiku, iwake yenyewe umeme unaporudi, kisha itume nakala za kazi za wateja kwenye hifadhi ya intaneti kwa bando la usiku, ambalo ni rahisi kuliko la mchana. Haya yote nilimweleza muuzaji kwa kinywa changu, naye akajibu, «Hakuna shida, Mama.»

Kila asubuhi niliikuta imezimika, hata siku ambazo mlinzi alinihakikishia kwamba taa zilirudi saa nane za usiku na hazikukatika tena. Nilirudi dukani mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa, «Mama, mashine ni nzima, shida ni umeme wa kwenu.» Mara ya pili nilitaka kuingia mwenyewe kwenye BIOS nirekebishe mipangilio, nikakuta inadai neno la siri ambalo sikuliweka mimi, na fundi akasema kwamba wateja hawapewi neno hilo kwa sababu wanaharibu mashine. Yaani nimelipa nyumba, mwenye kuniuzia amebaki na ufunguo wa chumba cha kulala! Baada ya siku tisa za kupiga simu, kijana mmoja wa dukani alinionea huruma akanipa.

Niliyoyakuta humo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kipengele cha ErP kilikuwa kimewashwa. Maelezo ya pembeni yanasema kwamba kipengele cha ErP kinawasha au kuzima ErP; asanteni sana mlioyaandika. Ukweli ni kwamba jina hilo linatokana na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 kuhusu bidhaa zinazohusiana na nishati (kwa Kiingereza Energy-related Products), ambayo kanuni zake, kuanzia 2013, zilitaka kompyuta iliyozimwa isile zaidi ya nusu wati. Ili kufikia kiwango hicho, ubao mama, yaani ule ubao mkuu wa ndani unaounganisha sehemu zote, hukata ule umeme mdogo wa volti 5 unaobaki ukipita hata kompyuta ikiwa imezimwa, na umeme huohuo ndio unaoiwezesha kuamshwa kwa saa, kwa kibodi au kupitia waya wa mtandao. Kwa hiyo kwenye ubao wangu vipengele hivyo vyote, pamoja na kile kinachoamua kompyuta ifanye nini umeme unaporudi, vilikuwa vimegeuka kijivu, havichaguliki. Ile kazi moja niliyoinunulia ilikuwa imezimwa tangu dukani.

Fundi anajitetea kwamba alitaka kunipunguzia matumizi. Haya, tupige hesabu. Nilipoipima kwa kipimo cha soketi, kompyuta hii ikiwa imezimwa bila ErP hula takriban wati 2. Ukiiwasha ErP unaokoa wati moja na nusu, ambayo kwa saa 24 ni wati-saa 36, sawa na taa ya wati 9 kuwaka kwa saa nne. Na hizo saa 24 tunazipata wapi Kadutu? Umeme ukikatika, kompyuta haili chochote, ErP iwepo isiwepo.

Lakini huyohuyo mtunza umeme alikuwa amezima hali za mapumziko za prosesa (ubongo wa kompyuta), zile zinazoitwa C, pamoja na uwezo wa prosesa kushusha kasi yake wakati haina kazi, eti mashine ionekane nyepesi mteja anapoijaribu dukani. Kompyuta ikiwa imewashwa bila kufanya lolote ilikula wati 58. Nilipoviwasha vyote viwili ilishuka hadi 34, na sijaona tofauti yoyote katika kuchapa wala kupiga picha za hati. Kwa siku ya kazi ya saa kumi hizo ni wati-saa 240 zilizokuwa zinapotea ili kuokoa 36. Ameziba tundu la sindano na mlango ameuacha wazi. Tena umeme unapokatika mchana na tukabaki kwenye betri ya akiba, wati hizo 24 ndizo zinazoamua kama mwanafunzi atahifadhi ukurasa wake au ataanza upya.

Sasa nimezima ErP, nimechagua kompyuta iwake umeme unaporudi, na neno la siri nimeliondoa. Usiku wa kuamkia leo taa zilirudi saa tisa kasorobo. Kompyuta iliwaka yenyewe, ikatuma kazi 14, ikajizima. Asubuhi nilipowaarifu watu wa duka, walinijibu kwamba kwa kuwa nimegusa mipangilio, dhamana yangu ya miezi sita imekwisha. Kwenye risiti yangu hakuna neno hata moja kuhusu mipangilio. Aliyewahi kuambiwa hivyo na akafaulu kudai dhamana yake, anieleze alipita njia gani.