Krismasi na watoto: Rombo, Mbinga au tubaki Dar?

Mama Neema
Habari za jioni wadau. Naomba mawazo yenu. Mume wangu kwao Rombo, Kilimanjaro, mimi kwetu Mbinga, Ruvuma, na maisha yetu yako Tabata, Dar. Tuna watoto watatu, mkubwa yuko darasa la sita, wa mwisho ana miaka minne. Tangu tuoane Krismasi yetu ni Rombo. Sina malalamiko, wakwe zangu wananipenda na nawapenda. Ila mama yangu mzazi umri umeenda, na juzi kwenye simu aliniuliza, "Mwanangu, mwaka huu na mimi mtanikumbuka?" Nikashindwa kumjibu.

Tunafikiria njia tatu. Twende Rombo kama kawaida. Twende Mbinga, ambako watoto hawajawahi kula sikukuu hata mara moja. Au tubaki Dar, ile nauli tuigawe, tuwatumie wazee wa pande zote mbili. Hatuna gari la safari ndefu, tunapanda basi. Waliopitia haya, ninyi mlipimaje?

Mjukuu wa Mangi
Shemeji, nitasema ya upande wetu bila kuficha. Kwa Mchagga Desemba ni mwezi wa ukoo kukaa. Ndugu waliotawanyika Dar, Arusha, Mwanza na Mbeya wanaonana kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, mara hiyo moja kwa mwaka, na mambo yaliyoahirishwa tangu Januari yanangoja siku zile: mpaka wa shamba, nani anamtunza bibi, mahari ya kijana fulani, ugomvi wa ndugu wawili ambao mzee anataka uishe kabla ya mwaka mpya. Ndiyo maana ubatizo, kipaimara na harusi vinarundikana wiki hiyo hiyo. Mumeo asipokuwepo, yanaamuliwa bila yeye.

Halafu kuna watoto. Chukua mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, ndipo zinachanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa, na gome la msesewe likatia ule uchungu wake. Mtoto akifika mapema anamkuta bibi yake bado anachagua ndizi, anasaidia kumenya, anauliza maswali. Akifika tarehe 24 usiku anakuta wageni wameshashika kata. Kuchinja mbuzi ni hivyo hivyo. Kila kipande kina mwenyewe, na mtoto anaujua ukoo wake kwa kuona nani kapelekewa nini. Huwezi kumfundisha hayo kwa simu.

Kwa hiyo mimi nasema Rombo, ila mwende mapema.

Baba Pacha
Sisi tunabaki Dar, na sababu ni Januari. Ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba vinakuja pamoja. Familia ya watu watano kwenda na kurudi, ukiongeza zawadi za wazee na michango ya ukweni, mwezi wa kwanza unauanza na madeni.

Tumejiwekea utaratibu. Mkesha kanisani, asubuhi ibada, mchana sufuria kubwa la pilau na kachumbari, tunaalika wapangaji wenzetu na wanafunzi wa vyuo ambao hawakuweza kusafiri. Jiji linapumua siku hizo, foleni ya Ubungo hakuna, na miti ya mikrismasi barabarani imechanua maua mekundu. Watoto wanapenda. Fukwe ndiyo sipeleki tarehe 25, Coco inajaa watu kiasi kwamba mtoto ukimwachia mkono humwoni tena. Tunaenda 27 au 28.

Hasara yake niiseme pia. Wanangu wanawajua majirani wote wa mtaa huu, lakini binamu zao wanawajua kwa picha za WhatsApp tu.

Mmatengo
Dada yangu, mimi ni wa huko huko kwenu. Aliyosema Mjukuu wa Mangi ni kweli kwa kwao, ila wewe unajua kwetu Desemba ni msimu wa jembe. Mvua imeshika, watu wanapanda na kupalilia mahindi. Krismasi yetu ni ya kanisani hasa: mkesha, kwaya iliyofanya mazoezi tangu Oktoba, misa ya asubuhi, kuku na wali nyumbani, na kesho kutwa mtu yuko shambani. Anayetarajia wiki mbili za vikao na sherehe kama Kilimanjaro atashangaa kuona nyumba ziko tupu mpaka saa nane mchana.

Safari nayo uipime. Dar hadi Songea peke yake inakaribia kilomita 950, unapita Iringa, Makambako na Njombe, halafu ndiyo unaanza Mbinga. Moshi ni kama kilomita 550. Lami ipo mpaka Mbinga mjini. Ukiiacha lami ukaingia milimani wakati wa mvua, bodaboda mnaisukuma ninyi abiria.

Ukitaka watoto waijue Mbinga vizuri, wapeleke likizo ya Juni. Mvua imekatika, mahindi yanaanza kuvunwa, kahawa inachumwa, na bibi ana nafasi ya kukaa nao. Wataona ngolo, yale mashimo ya kilimo chetu kwenye miteremko, na baada ya mavuno ndipo ngoma ya mganda inapochezwa. Wabebee masweta tu, baridi ya mwezi wa sita unaijua.

Wifi Mkubwa
Samahani ndugu yangu Mmatengo, hapo tunapishana. Mama hakuuliza habari za msimu. Ameuliza kama atakumbukwa mwaka huu. Mzee akisema hivyo, humjibu "subiri Juni".

Mimi ni Mhaya, mume wangu Mnyakyusa. Tulikubaliana kabla ya ndoa, mbele ya washenga: mwaka witiri tunakwenda Bukoba, mwaka shufwa tunakwenda Tukuyu. Anayenung'unika anaambiwa angoje zamu yake, na siku hizi hakuna tena anayenung'unika, kwa sababu kila upande unajua zamu haipotei. Wanangu wanakula senene, wale panzi wetu, Kagera, maana Novemba na Desemba ndiyo msimu wake, na mwaka unaofuata wanakula ndizi za bibi yao Rungwe. Wanajua wana kwao kuwili.

Mama Neema, wewe umeenda upande mmoja tangu uolewe. Kwa maoni yangu zamu ya Mbinga imechelewa sana.

Binti wa Kakamega
Hamjambo jirani zetu. Huku Kenya mjadala ni ule ule. Nairobi inamwagika yote kuelekea ushago, yaani kijijini, nauli za magharibi zinapanda wiki ile ya mwisho mpaka mtu analia. Sisi ndugu sita tuna chama cha Krismasi, tunachanga kidogo kidogo kila mwezi kuanzia Februari. Ikifika Desemba nauli ipo, unga wa chapati upo, na kuku wa mama hawaguswi mpaka tufike, kwa sababu Krismasi ya Mluhya bila kuku na ugali haijafika.

Nataka kuongeza njia ambayo hamjaitaja, kuwaleta wazee mjini. Tulimleta mama Nairobi mwaka mmoja. Alifurahi siku ya kwanza. Siku ya pili akaanza kuuliza nani anakamua ng'ombe, na kila asubuhi alikuwa amekaa kwenye kochi na kitambaa kichwani, mkoba magotini, kama mtu aliye stendi. Wazee wengine wanapenda mji, wa kwetu hapana. Muulize mama yako kwanza anataka nini, asije akakubali kwa heshima tu.

Mtoto wa Chumbageni
Mimi ni Mwislamu wa Tanga, sina Krismasi ya kupanga, ila nimekua nikila sahani ya jirani kila tarehe 25, na Idi ikifika sahani inarudi kwao na biriani. Kwa hiyo kwa wanaobaki mjini kama Baba Pacha, msijione mmekosa kila kitu. Mtoto anayetumwa na sahani iliyofunikwa kawa kwenda nyumba ya pili anajifunza undugu pia.

Konda Mstaafu
Niongee ya barabara, maana ndiyo kazi niliyoifanya. Kwa njia zote mbili kata tiketi mapema, wiki ya tarehe 20 hadi 24 kiti kinatafutwa kwa tochi. Nauli za mabasi zina kikomo kilichowekwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Ukidaiwa zaidi, dai tiketi yenye kiasi halisi ulicholipa na uripoti, usikubali kuandikiwa pungufu. Mpigadebe wa pale Mbezi anayekwambia "basi la kwenu limejaa, njoo huku" usimfuate, nenda dirishani mwenyewe.

Kwa Moshi kuna treni pia, shirika la reli TRC walirudisha abiria njia hiyo Desemba 2019. Unalala njiani, unafika asubuhi. Inakwenda polepole lakini watoto wanasimama, wanatembea, choo kipo. Haipo kila siku, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujapanga. Kusini hamna treni ya kukufikisha Songea. Kwa watoto wadogo ningekata safari Iringa au Makambako, mlale gesti, asubuhi muendelee. Usimbebe mtoto wa miaka minne mapajani kilomita zote hizo ili kuokoa nauli ya kiti.

Mjukuu wa Mangi
Nimesoma hoja ya Wifi Mkubwa, na hapo kwa mama ana haki. Swali langu ni mume. Kama yeye ni mtoto wa kwanza au wa mwisho kwao, nafasi yake kwenye vikao ni nzito. Aongee na baba yake yeye mwenyewe, asimwachie shemeji kubeba hilo. Maneno hayo yakitoka kwa mkwe yanasikika vingine.

Mama Neema
Nawashukuru sana nyote. Nimemsomea mume wangu majibu yenu moja moja. Yeye ni wa mwisho kwao, kwa hiyo Mjukuu wa Mangi umegusa penyewe. Amempigia baba jana usiku. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akampa simu mama mkwe, na mama mkwe akasema, "Kwani huyo wa Mbinga siyo bibi wa watoto hawa? Nendeni."

Tumekubaliana hivi. Shule zikifunga, mume wangu anatangulia Rombo na mtoto mkubwa, wakae na wazee, mambo ya kihamba yaongelewe wakati huo, na kaka zake wamekubali. Wanarudi Dar, kisha sote watano tunakwenda kusini, tunalala Makambako. Mwakani Krismasi ni Rombo, na baada ya hapo tunapokezana. Nauli mara mbili itauma, kwa hiyo nguo za sikukuu mwaka huu hakuna, watoto tumeshawaambia. Chama cha Binti wa Kakamega tunakianza Januari.

Mama nimemwambia leo. Ameniuliza watoto wanakula nini.

Mmatengo kaka yangu, kwetu ni kutoka Mbinga mjini kuelekea milimani. Tarehe 22 au 23, tukishuka na mizigo na watoto, nitafute usafiri gani?

Mmatengo
Dada, hongereni. Bodaboda na mizigo ile usijaribu. Kuna gari za mizigo zinazopanda vijijini zikitoka sokoni mchana, dereva anakaa mbele na mama na watoto, wengine nyuma. Mvua ikinyesha sana haziondoki, kwa hiyo jiwekeeni siku moja ya akiba, msifike Mbinga tarehe 24. Nitumie jina la kijiji kwenye ujumbe wa faragha nikuulizie dereva anayeaminika. Na watoto wavae buti za mvua, viatu vya kanisani vikae kwenye begi.