Nimehama mji niliouzoea, maisha yako sawa ila moyo umebaki kule. Mlifanyaje?

Mgeni_Bado:
Habari zenu wakuu. Nimehama mji nilikokulia nikafuata kazi, na niseme ukweli kazi ni nzuri, pa kukaa pazuri, watu wa huku hawana shida na mimi. Ila jamani nimeumisi ule mji mpaka inauma. Na wala sio mambo makubwa, yaani namisi ile kutembea bila kufikiri, unajua kona ipi ina mteremko, kelele ya jioni inatokea wapi, mtu anakuita jina hujageuka bado, amekujua kwa mwendo tu. Huku kila kitu mpaka nitumie akili, njia mpaka niangalie ramani kwenye simu, ikifika usiku nimechoka hata kama sijafanya cha maana. Kinachonishangaza mwanzoni nilikuwa poa kabisa, imekuja kuanza baadaye, na mimi nilidhani muda ukienda ndo inapungua. Jumapili ndo usiseme. Waliopitia hii, iliisha? Na kwenda kutembea kule kunasaidia au ndo natonesha kidonda?

Upepo_wa_Jioni:
Pole sana ndugu yangu. Hiyo ya kuchelewa kuanza usiishangae. Mwanzoni una mambo mia, kazi mpya, makaratasi, kupanga vyombo, akili haipati nafasi ya kukumbuka. Kuna mwanaanthropolojia, yaani mtaalamu wa maisha na tamaduni za watu, anaitwa Kalervo Oberg aliliandika hili mwaka 1960, kwamba mtu akifika ugenini kwanza anakuwa na furaha, halafu kinakuja kipindi kigumu, halafu taratibu anazoea. Waliochunguza baada yake wakakuta sio wote wanapita hivyo, wengi tu wanaanza na ugumu toka siku za mwanzo. Kwahiyo usijipimie kwa mwenzako. Jumapili inakuzidi kwa sababu iko wazi, tafuta kitu cha kudumu cha kufanya siku hiyo, na kiwe na watu, sio cha kukaa ndani peke yako.

Mama Wawili:
Mdogo wangu mimi nimehamahama sana kufuata kazi ya mume wangu, nakwambia kitu kimoja tu. Watu watakushauri utoke uuone mji wote, leo huku kesho kule, mimi nakataa. Ukizunguka hivyo kila siku unabaki mgeni upya. Chagua njia moja, upite hiyo hiyo, saa ile ile, usalimie wale wale hata kama mwanzo wanakuitikia kwa mbali. Kule ulikotoka ulijulikana sababu ulionekana miaka na miaka, hukufanya juhudi yoyote, ndo maana unaona kama kilikuja chenyewe tu. Na huku kitakuja ila lazima uonekane. Siku mtu atakuuliza mbona jana hukupita, hapo utanielewa.

daftari:
Kwenye swali la kwenda kutembea, naomba niwape kisa ambacho mimi kinanigusa sana. Mwaka 1688 daktari kijana wa Uswisi, Johannes Hofer, aliandika tasnifu yake ya chuo kuhusu watu wanaougua kwa kukumbuka kwao, yeye aliuhesabu ni ugonjwa kabisa. Mmoja aliyemweleza ni mwanafunzi wa kutoka Bern aliyekuwa anasoma Basel, ni kama kilomita 100 tu, sio mbali, lakini alidhoofika, akawa na homa, watu wakaanza kumkatia tamaa. Ikaamuliwa arudishwe kwao. Sasa sikia, alianza kupata nafuu akiwa bado yuko njiani! Hata Bern hajafika.
Mimi ninachokiona hapo ni kwamba kilichomnyanyua ni kujua kwamba anakwenda. Ndo maana ushauri wangu weka tarehe ya safari, hata iwe mbali, iandike. Kukumbuka mji huku hujui utauona lini ndo kunakomaliza mtu.

Kimya_Kingi:
Nakubaliana na daftari ila ajiandae. Mimi nilienda nikiwa na hamu kubwa, nikakuta rafiki zangu nao wamehama, pale tulipokuwa tunakaa pamejengwa, nikalia. Niligundua nilikuwa namisi na ule umri wangu pia, na huo hakuna gari linakupeleka. Lakini sijutii kwenda, niliporudi nikaacha kufikiria kwamba kule maisha yanaendelea vile vile bila mimi.
Na harufu pia, kaa ukijua. Unapita mahali unasikia harufu fulani, ghafla uko kwenu. Harufu kwenye ubongo inafika karibu moja kwa moja kwenye sehemu za hisia na kumbukumbu, ndo maana inakushika kabla hujajua imekushika. Usiogope ikitokea, simama kidogo ipite.

Mgeni_Bado:
Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. Mama Wawili hiyo ya njia moja naanza kesho. Swali la mwisho, kule kuna grupu la mtaani bado nipo, nalisoma usiku mpaka nachelewa kulala. Nijitoe?

Upepo_wa_Jioni:
Usijitoe, hao ni watu wako. Ila liondoe usiku, lisome mchana, na badala ya kusoma tu kimya kimya mpigie mmoja muongee. Afu hilo la usingizi liangalie. Kama karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi unakosa usingizi, huli, hata vitu unavyovipenda havikuvutii tena, hiyo inaweza kuwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, nenda kamuone daktari, usisubiri kuzoea mji.

Mama Wawili:
Na hiyo kesho ukitoka, simu iache mfukoni mwanangu. Watu hawamsalimii mtu aliyeinamia ramani.