Gattuso alibebwa na Pirlo, au yeye ndiye aliyembeba?

Wakuu, kila tukiikumbuka Milan ya kocha Ancelotti kuna kauli haikosekani: Gattuso, yule kiungo mkabaji, mkata umeme wetu, alibebwa. Eti ukizungukwa na Pirlo, Seedorf na Kaká, yeyote angevaa medali. Naikataa kabisa, na naomba tubishane kwa mechi.

Aprili 2007, Old Trafford kwa Manchester United, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Hadi mapumziko Milan wanaongoza 2-1, mabao yote ya Kaká. Mapema kipindi cha pili Gattuso anaumia, anatoka. Haikupita muda Rooney wa United akasawazisha, kisha dakika za nyongeza akafunga la tatu. Marudiano San Siro mkata umeme yumo tangu filimbi ya kwanza, Cristiano Ronaldo hapumui, Milan wanashinda 3-0. Kisha wakaenda Athens kubeba kombe. Kaká alipata Ballon d'Or mwaka huo, na ni haki yake. Lakini nani alimporia mipira?

MCHANGIAJI WA KWANZA:
Mkuu, mechi hiyohiyo hata beki Maldini alitoka mapumziko, mbona humtaji? Na fainali ya Istanbul 2005 dhidi ya Liverpool je? Gerrard wao aliangushwa na Gattuso, penalti, ikawa 3-3, kombe likaenda kwao. Timu ya taifa ya Italia mechi 73, goli moja, tena la kirafiki dhidi ya Uingereza. Usisahau na kile kichwa alichompiga Joe Jordan, kocha msaidizi wa Tottenham, 2011. Kukimbia ni wajibu wa kila mchezaji, msituambie ni kipaji.

MWANZISHA MADA:
La Maldini nakubali, umenishika. Penalti ya Istanbul ni kosa lake, ila timu iliyokula magoli matatu ndani ya dakika sita ilikatika yote. Kwa Jordan alifungiwa, na alistahili.

Magoli sikubali. Kiungo mkabaji tumpime kwa yale ambayo hayakufungwa. Kombe la Dunia 2006 Italia waliruhusu mabao mawili tu: moja walijifunga wenyewe dhidi ya Marekani, jingine penalti ya Zidane kwenye fainali. Beki Cannavaro alisifiwa, sawa, lakini mbele yake nani alikuwa anazima mashambulizi hayajafika?

Na hapo kwenye "kukimbia" ndipo panaponiuma. Mapafu ya mbwa alikuwa nayo, lakini kujua pasi inakwenda wapi kabla haijapigwa ni akili ya mpira. Kijana wa Corigliano Calabro, akapita Rangers na Salernitana, akatua Milan 1999 na kukaa hadi 2012, mechi 468. Milan ile ilikuwa na pesa ya kumnunua kiungo yeyote duniani. Mbona hawakumbadilisha?

Old Trafford mkata umeme alitoka, akaingia Brocchi badala yake, tukaona. Anayesema Gattuso alibebwa anitajie jina moja: pale angekaa nani?