Wajukuu wa Kibirizi: insha ya Asha na karabai la Ba'mdogo

Asha (Mwanga, Kigoma): Shikamooni wote. Nina insha ya fasihi, kesho asubuhi naikabidhi. "Nuru kama ishara ya elimu na ukweli katika riwaya za dola kandamizi." Nimeanza na "Elimu ni taa, gizani huzagaa." Nimekwama hapo hapo 😭

Shangazi Zena: Marahaba. Dola gani tena hiyo mwanangu?

Asha: Hadithi za nchi ya kubuni, shangazi. Wakubwa wanataka kujua mpaka unachowaza.

Juma (Ujiji): Yaani kama mama mkwe wako, ila huyu ana jeshi.

Shangazi Zena: Juma nitakuja huko Ujiji kwa miguu.

Asha: Sikilizeni hii. Riwaya ya Anthem, ya Ayn Rand, 1938. Watu wamesahau hata balbu. Kijana anajificha kwenye handaki la kale, anagundua upya taa ya umeme, anaipeleka kwa baraza la wasomi akidhani watamshangilia. Wanataka ivunjwe! Eti mshumaa wenyewe ulichukua miaka 50 mabaraza yote kuukubali, na taa hiyo itaua Idara ya Mishumaa.

Juma (Ujiji): Idara ya Mishumaa 😂 Wauza mafuta ya taa wa hapo mwaloni walinuna hivyo hivyo taa za sola zilipoingia.

Ba'mdogo Hamisi: Nimesoma yote. Naomba kuuliza. Dagaa akifuata karabai langu, amefuata elimu?

Juma (Ujiji): 😂😂😂

Ba'mdogo Hamisi: Sitanii. Miaka ishirini na ushee nawasha taa ziwani. Giza likiwa totoro ndiyo kazi. Mbalamwezi ikiwaka tunakaa nyumbani tunashona nyavu. Nuru imejaa kila mahali, dagaa wa nini kuja kwangu? Taa yangu inavua pale tu ambapo ni hiyo hiyo moja na mwenye nayo ni mimi.

Asha: Ba'mdogo subiri

Asha: Hiyo ipo!! Riwaya ya 1984, ya George Orwell, ilitoka 1949. Mhusika mkuu, Winston, aliota sauti ikimwambia watakutana mahali pasipo na giza. Miaka anaishika kama ahadi. Kumbe ni mahabusu ya Wizara ya Upendo. Hakuna dirisha, taa hazizimwi, hajui kama ni usiku au mchana. Na yule anayedhani ndiye mwenye sauti ndiye anayemtesa.

Shangazi Zena: Wizara ya UPENDO?

Asha: Eeh. Na ya Ukweli ndiyo inayotunga uongo. Yeye mwenyewe kazi yake ilikuwa kubadilisha magazeti ya zamani.

Ba'mdogo Hamisi: Karabai hilo.

Asha: Na mimi nilipanga kumweka Winston kwenye aya ya "nuru ni ukweli". Nafuta yote.

Juma (Ujiji): Huyo Winston hakuwa na pa kujificha kabisa?

Asha: Alikuwa na kijikona chumbani ambako runinga inayompeleleza haikumwona. Hapo ndipo alianza kuandika shajara. Kwa hiyo ukweli wake aliuandikia uchochoroni, si kwenye taa 🤔

Bibi: 🎤 0:52

Juma (Ujiji): Kwa wasio na bando: Bibi anasema 1961 walipoambiwa mwenge umewashwa Kilimanjaro, na Mwalimu alishasema utamulika hata nje ya mipaka, yeye alitoka uani usiku akatazama mashariki. Hakuona kitu. Akarudi kulala amekasirika.

Asha: Bibi hiyo naiweka kwenye insha!

Bibi: 🎤 0:06

Juma (Ujiji): "Andika na jina langu."

Shangazi Zena: Hamisi, leo unatoka? Niwekee dagaa, na migebuka ukipata. Ile ya juzi ilikuwa midogo, sikusema tu.

Ba'mdogo Hamisi: Ndiyo naingia kwenye mtumbwi. Chaji asilimia 9.

Asha: Swali la mwisho Ba'mdogo. Wale dagaa wanaobaki chini, wasiofuata taa, wakoje?

Ba'mdogo Hamisi: Hao sijawahi kuonana nao.