MREJESHO: Kamera ya filamu fupi, nimeshachukua na tumepiga siku mbili

Wakuu habari zenu, mtakumbuka niliuliza hela yote niimalizie kwenye kamera mpya au nichukue used ibaki ya maiki na taa. Nimewasikiliza, nimechukua Panasonic GH5 used, ile ya 2017, inarekodi 4K ya 10-bit (picha kali yenye rangi nyingi zaidi) ndani kwa ndani na haikatiki yenyewe baada ya nusu saa. Chenji nikanunua maiki ya kubana kwenye shati na filta ya ND, kile kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga.

Siku ya kwanza tulikuwa kwa fundi cherehani, juu kuna taa ya tyubu, naangalia skrini naona mistari ya giza inapanda taratibu usoni kwa yule mama, nikajua kamera mbovu, kumbe nilikuwa nimeweka fremu 30 kwa sekunde na shata (muda kila fremu inapokea mwanga) 1/60 ya sekunde, wakati umeme wetu ni 50Hz, taa inapepesa kwa mwendo usiolingana na hiyo shata! Nikarudisha 25 na 1/50, mistari ikapotea palepale. Jamani msiipuuze hiyo.

Nje saa saba mchana bila ND ukiganda na 1/50 anga lote linaungua jeupe. Ile filta imetuokoa sana.

Ila kilichonifurahisha kuliko vyote ni sauti, mkasi unavyokata kitenge unausikia kabisa, asanteni mno mliosisitiza maiki kwanza.

Imebaki sini ya usiku ndani ya bajaji, tunapiga Jumamosi. Sensa yake (kile kipande kinachopokea mwanga) ni ndogo so sitapandisha ISO (kuongeza mwanga wa picha kwa kamera yenyewe) hovyo, picha itajaa chenga, nimeazima taa mbili za LED za betri.