Tupeane uzoefu: kijana wenu pombe ya kwanza aliionjea wapi?

Wadau wa Mombasa, mu hali gani. Leo tuwaongelee hawa watoto wa fom tuu na fom thrii wanaolewa. Kila mtu asema ni marafiki, ni mitandao, ni Mtwapa na baa zake. Mie nina shaka, maana wote ninaowajua mtaani kwetu glasi ya kwanza haikutoka baa, ilitoka nyumbani. Leteni visa, majina ya watoto tusitaje.

Mgema Mstaafu, Kisauni
Hapo umesema kweli. Wateja wangu wengi walikuwa hawaji wenyewe, wanamtuma mtoto na chupa na pesa mkononi. Mnazi, hii pombe ya utomvu wa mti wa nazi, ukishuka tu mtini ni mtamu, mtoto aunywa bila kukunja uso, jioni ushachacha, ukilala ndo mkali kabisa. Sasa mtoto njiani apiga funda mbili tatu, akiona chupa imepungua aenda bombani aongeza maji, halafu babake anakuja kunigombeza mimi ati nauza maji!! Hakuna aliyewahi kujiuliza mbona kijana karudi mchangamfu hivyo.

Mama Wawili, Bamburi
Wa dadangu alikuwa na miaka 15, siku za likizo. Walienda bichi na wenzake, kaka mmoja mtu mzima akawanunulia kichupa cha kali, wakachanganya kwenye chupa ya soda, mtu akipita aona watoto wanakunywa soda. Akaletwa na tuktuk, wakamlaza chali wakafunga mlango, ati ataamka. Binamu yake ndo alisikia akoroma vibaya, kuingia, matapishi yako mdomoni. Alipona lakini wallahi ilibaki kidogo.

Nesi wa Zamu
Mama Wawili, hiyo ya kulazwa chali ndo inayoua. Mlazeni ubavu na mtu akae naye, asiachwe peke yake. Kahawa haisaidii, maji baridi yanamzidishia baridi, na msimtapishe kwa vidole. Pombe iliyo tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata kama ameshaacha kunywa, kwa hivyo saa moja baadaye aweza kuwa hali mbaya zaidi, na kwa mtoto sukari inashuka haraka. Ukimfinya haamki, au pumzi zinakuja kwa kukatika, au midomo imebadilika rangi, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje babake arudi kazini. Na hizi za kupikwa uchochoroni zikiwa na methanoli zinapofusha, kaunti ya Kirinyaga Februari 2024 watu walikufa na wengine macho yakaharibika.

Mwana wa Kaya
Jamani mnazi wetu musiupake matope. Mnazi ni wa mahari, wa matanga, wa kumwagia koma, mizimu ya wazee wetu. Kwetu kijana hakai na wazee wakinywa mbokoni mpaka aitwe. Shida ni hizi mangwe za sasa, vilabu vya kuuzia mnazi, mtu na yunifomu yake ya shule anauziwa bora ana pesa.

Boda wa Likoni
Mwana wa Kaya, kutumwa chupa ni mila pia? Sheria ya vileo ya 2010 yasema chini ya 18 asiuziwe, na baa asiingie kabisa, lakini hapa steji twawaona kila wikendi. Na mumesahau muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa. Kijana amalizia shule hana kazi, atafuna mchana kutwa, usiku usingizi hauji, ndo anatafuta pombe ya kumshusha alale. Wakianza hivyo kuacha huwa kazi. Mimi mlevi simbebi, ashawahi mmoja kunisinzilia mgongoni barabarani nikabaki kumshika kwa mkono mmoja.

Mwanzisha mada
Boda umenigusa, hata mie nyumbani kwangu kutuma mtoto kumekoma. Mama ulieniandikia inboksi, piga 1192, ni ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na ni bure. Halafu watu wa Changamwe na Mikindani mbona kimya? Mwenye kijana aliyekataa kabisa kuongea, ulianzia wapi naye?