Mwaka wa kujitolea Ujerumani: vijana wanatumika au wanatumiwa?

Mtaalamu wa Kariakoo
Wakuu, siku hizi kila kona kuna bango la darasa la Kijerumani, na mwalimu wa A1, ngazi ya kwanza ya lugha, keshakuwa wakala wa "mwaka wa kujitolea". Tupige hesabu. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Kwa saa 40 za wiki, hiyo ni kama euro 2,200 kwa mwezi kabla ya makato. Kijana wa BFD, mpango wa kujitolea wa serikali ya Ujerumani, anafanya saa zilezile, na kikomo cha hela yake ya mfukoni mwaka huohuo kilikuwa euro 644. Kikomo, siyo kiwango. Vituo vingi havifiki hapo. Huku ni kujitolea au ni kibarua kilichovishwa kanzu? Mimi naona serikali zetu zingepiga marufuku, kuliko watoto kwenda kubadilisha pampasi za wazee wa watu huku bibi zao kijijini hawana wa kuwachotea maji.

Binti Pangani
Hesabu yako nilikuwa naifuata vizuri mpaka ulipofika kwenye pampasi. Kumhudumia mzee ni fedheha kwako? Na wanaofanya kazi hiyo mawodini hapa nyumbani unawaitaje? Halafu wapi umesoma kwamba wote wanapelekwa kwa wazee? Kuna chekechea, vituo vya watu wenye ulemavu, hospitali, vilabu vya michezo, hata hifadhi za mazingira. Na kwenye nyumba ya wazee kwenyewe, mwenye BFD analisha, anatandika, anasukuma kiti cha magurudumu, anapiga soga, anasaidia kuogesha akiwa na mfanyakazi wa kituo. Sindano na dawa ni za muuguzi mwenye cheti. Ukiambiwa "leo gawa wewe vidonge", unakataa, tena kwa maandishi.

Mtaalamu wa Kariakoo
Dada, povu la nini? Sijasema fedheha. Nimesema bibi.

Binti Pangani
Umesema "wazee wa watu". Kusoma najua.

Kamau_254
Wacheni niongeze upande wa pili wa hesabu. Vituo vingi vinatoa chumba na chakula, au vinalipa fidia yake. Kwa viwango rasmi vya 2025 chumba kilihesabiwa euro 282 kwa mwezi na chakula 333. Bima ya afya na pensheni analipa mwajiri zote, sehemu yake na ya kwako. Kwa miezi 12 kuna siku 25 za semina, na zinahesabiwa kama siku za kazi. Bado haifiki 2,200, sikatai.

Lakini sheria inasema wewe ni mkono wa ziada, huwezi kuziba nafasi ya mfanyakazi. Tatizo linaanza pale kituo kina upungufu wa watu, jina lako linaingizwa kwenye ratiba ya zamu kama muuguzi kamili. Kabla ya kusaini uliza mawili: zamu moja ina wafanyakazi wangapi wenye cheti, na je, kuna saa ambayo utaachwa peke yako ghorofani. Wakijibu kwa kuzunguka, tafuta kituo kingine.

Mzee wa Ilala
Mnagombana bure, wanangu. Mpango huo mwisho miaka 27, ukipita hapo sahau. Na ukinyimwa viza, unaandika barua ya rufaa ubalozini ndani ya mwezi mmoja, wanalitazama upya faili lako.

Kamau_254
Shikamoo mzee. Miaka 27 ni ya FSJ, mwaka wa kujitolea wa vijana unaosimamiwa na mashirika. BFD haina ukomo wa umri: ilianza Julai 2011, jeshi la lazima liliposimamishwa, kuziba pengo la waliokuwa wakihudumu mahospitalini badala ya kushika bunduki. Na ile barua ya rufaa imefutwa tangu tarehe 1 Julai 2025. Sasa ni kuomba upya, au kwenda mahakamani Berlin. Kwa hiyo faili la kwanza ndilo la kukamilisha.

Na linapokwama mara nyingi ni kwenye mkataba. Makubaliano ya BFD ni kati yako na dola yenyewe, yanasainiwa na ofisi ya shirikisho inayoitwa BAFzA, iliyoko Köln. Barua ya mkurugenzi wa kituo peke yake ni ahadi tu. FSJ kwa kawaida inasainiwa na watatu: wewe, shirika linalosimamia, na kituo. Wakala akikuonyesha karatasi yenye muhuri mmoja na kutaka umalizie malipo, kula kona. Kujiunga BFD hakuna ada. Ada ya viza ni euro 75, na unailipia ubalozini.

Mzee wa Ilala
Marahaba. Basi wamebadilisha.

Salma_Mombasa
Mbona hakuna anayewagusa Wajerumani wanaokuja huku? Tangu 2008 wana mpango wa kujitolea nje uitwao weltwärts: kijana wa miaka 18 hadi 28, serikali yake inabeba hadi asilimia 75 ya gharama, anatua Moshi au Kisumu bila mtihani wowote wa Kiswahili. Wa kwetu anaulizwa cheti cha Kijerumani cha A2, pengine B1 iliyo juu yake, kabla hajashika hata begi. Hiyo ndiyo mada.

Mtaalamu wa Kariakoo
Salma umepiga mulemule! Tuwawekee nao mtihani wa Kiswahili kwenye kibali cha ukaazi cha daraja C, tuone watabaki wangapi.

Fundi Lugha
Mada ilikuwa kupiga marufuku, sasa tumehamia kulipiza kisasi. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau amebaki na Kijerumani cha utotoni, tena cha lahaja. Akikwambia kifua kinambana, utamjibu "ja, ja"? Mtihani wa B1 wa Goethe, taasisi ya lugha ya Kijerumani, una moduli nne, kila moja unapita kwa asilimia 60, na ukianguka moja unarudia hiyohiyo. Madalali hawasemi, wanakulipisha mtihani mzima upya. A2 ndiyo inayorudiwa yote.

Salma_Mombasa
Na mtoto wa chekechea wa Moshi akimwambia mwalimu wa weltwärts kifua kinambana, anajibiwaje?

Fundi Lugha
Hapo sina ubishi.

Chuma Ulete
Nyote mmesahau la maana. Dagaa wanapita pale uwanja wa ndege Ujerumani?

Kamau_254
Samaki ruhusa, jumla isizidi kilo 20. Nyama ya kukausha na samli hata kidogo haviruhusiwi, vinatupwa. Asali mwisho kilo 2. Unga wa ugali hauna shida, ila uwe kwenye pakiti yake ya dukani.

Binti Pangani
Na maembe?

Kamau_254
Mpaka cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi, nazi na tende vinapita bila cheti.

Chuma Ulete
Basi dagaa wa Kigoma. Wa Mwanza wana mchanga.

Msukuma Halisi
Rudia hapo kwenye mchanga. Mchanga unatoka kwa anayeanika chini, siyo ziwani. Nunua waliokaushwa kwenye chanja uone.

Mtaalamu wa Kariakoo
Wakuu, mada jamani.

Zuhura K.
Samahani nawakatisha. Mtu akishafika, kituo kikichelewesha karatasi ya kujiandikisha makazi, anafanyaje?

Kamau_254
Siku ya kwanza kabisa adai barua ya mwenye nyumba, maana manispaa haimwandikishi bila hiyo, na ana wiki mbili tu tangu kuhamia. Bila kuandikishwa, namba ya kodi haiji, na akaunti ya benki inakuwa kazi, kwa hiyo hela ya mfukoni inaning'inia. Wakati huohuo aitazame viza: mara nyingi ni ya miezi michache, si ya mwaka. Ombi la kibali lifike ofisi ya wageni kabla viza haijaisha, hata kama miadi ni ya baadaye. Atunze uthibitisho kwamba lilipokelewa.

Zuhura K.
Na akitaka kuhama kituo katikati?

Kamau_254
Wiki sita za mwanzo ni za majaribio, notisi ni wiki mbili. Lakini asiache kabla hajapata kituo kingine na kuijulisha ofisi ya wageni, maana kibali chake kinafuata kile kituo.

Msukuma Halisi
Chuma Ulete bado nakusubiri.